Stromness na waandishi wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stromness iko wapi hasa?

Ni mji wa bandari wenye watu elfu mbili na ushei, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu cha Orkney. Orkney ni funguvisiwa lililo kaskazini mwa Uskoti bara, ng'ambo ya Pentland Firth, mlangobahari wenye mikondo mikali ambao mabaharia wanauheshimu hadi leo. Mji umejinyoosha kando ya maji kwa mtaa mmoja mrefu uliotandikwa mawe bapa, mwembamba kiasi kwamba gari likipita, mwenda kwa miguu inabidi ajibanze mlangoni mwa watu. Nyumba za upande wa bahari zimeipa bahari ubavu, na nyingi zina gati lake dogo. Kutoka mtaani vichochoro vinapanda mlima. Kimojawapo kinaitwa Khyber Pass. Aliyezoea kupenya vichochoro vya Lamu hatapotea hapa, ila atatetemeka kwa baridi.

Kilima kilicho nyuma ya nyumba kinaitwa Brinkie's Brae. Jina hilo lishike, litarudi.

Mji mdogo namna hiyo una fasihi gani ya kuzungumzia?

Ililetwa na meli. Kwa karne mbili na zaidi, meli zilizokuwa zikielekea Kanada, Greenland na Aktiki zilitia nanga Stromness kuchota maji, kununua nyama na kuajiri vijana, kisha zikaingia Atlantiki. Kila meli iliacha kisa na kuondoka na kingine. Nusu ya maandishi yanayouhusu mji huu yameandikwa na watu wa mbali, wakisimulia habari za waliopanda meli hizo. Nusu nyingine, iliyo bora kwa maoni yangu, ni kazi ya mtu mmoja ambaye hakupanda.

Mtu huyo ni nani?

George Mackay Brown. Alizaliwa Stromness tarehe 17 Oktoba 1921, kitinda mimba wa John Brown, fundi cherehani aliyekuwa pia tarishi wa posta, na Mhairi Mackay, mwanamke wa Sutherland, kaskazini mwa Uskoti bara, aliyekuwa na Kigaeli kama lugha ya kwao. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana. Jeshi likamkataa, na kwa miaka mingi akawa mtu wa kulazwa sanatoriamu, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, na kurudi nyumbani kwa mama yake, hana kazi ya kueleweka.

Watu wa mji hawakuona mshairi. Waliona kijana mvivu. Na yeye hakuwabembeleza: kuanzia 1944 alikuwa mwandishi wa habari za Stromness katika gazeti la *Orkney Herald*, na baadhi ya aliyoyaandika kuhusu majirani zake yaliwachoma hasa.

Mwaka 1951, akiwa na miaka 29, alikwenda kusoma Newbattle Abbey, chuo cha watu wazima karibu na Edinburgh. Mkuu wa chuo alikuwa mshairi Edwin Muir, naye mtu wa Orkney. Muir ndiye aliyeona kipaji na kukisukuma. Kitabu cha kwanza cha Brown, diwani iitwayo *The Storm*, kilitoka 1954 kwa nakala 300, kikapigwa chapa katika mtambo wa gazeti lile lile. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh na kupata shahada 1960. Mwaka uliofuata akapokewa katika Kanisa Katoliki, jambo la kushangaza katika visiwa ambavyo wakati huo karibu kila mtu alikuwa Mpresbiteri.

Alifariki tarehe 13 Aprili 1996. Ibada ya mazishi ilifanyika Aprili 16 katika kanisa kuu la Mtakatifu Magnus mjini Kirkwall, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu ya Magnus mwenyewe, mtakatifu wa Orkney tutakayemfikia. Ukijua alivyomwandika Magnus maisha yake yote, utaona ni vigumu kuchagua siku inayofaa zaidi.

"Hamnavoe" ninaoukuta katika vitabu vyake ni mji mwingine?

Ni Stromness ile ile. Hamnavoe ni jina la zamani la bandari hiyo, kutoka enzi za watu wa Norwe, na Brown alilipenda zaidi ya jina la sasa. Lilimruhusu kuuona mji wa leo na ule wa karne nyingi nyuma kwa wakati mmoja. Shairi lake liitwalo "Hamnavoe" ni la kumkumbuka baba yake: tarishi anaanza asubuhi na mkoba wa barua, anapita mlango kwa mlango, kichochoro kwa kichochoro, na kwa njia yake tunaona mji mzima unavyoamka, wavuvi, wachuuzi, wanywaji, watoto wa shule, hadi taa zinapowashwa jioni. Nikiambiwa niteue shairi moja tu la mji huu, ni hilo.

Je, ni kweli hakuwahi kutoka kisiwani?

Imetiwa chumvi. Alisoma Edinburgh kwa miaka kadhaa na alikuwa akikaa baa za Rose Street pamoja na washairi wakubwa wa Uskoti wa wakati ule. Ayalandi alikwenda 1968. Lakini Uingereza yenyewe, yaani kusini mwa mpaka wa Uskoti, hakuikanyaga hadi 1989, akikaribia miaka 70. Hakuoa, na tangu 1968 hadi kufa kwake aliishi katika nyumba ya kawaida kabisa ya kupanga ya halmashauri, nambari 3 Mayburn Court.

Alikuwa akiandikaje?

Kama mtu wa kazi za mikono. Asubuhi, baada ya kifungua kinywa, alisukuma vikombe na sahani kando, akaandika kwa kalamu ya kawaida juu ya meza ile ile ya jikoni, hadi mchana. Rafiki aliyebisha hodi wakati huo alijitafutia lawama. Mchana ulikuwa wa barua, matembezi na wageni.

Pamoja na riwaya na mashairi, kila wiki alipeleka safu fupi katika gazeti la *The Orcadian*: mwanzoni, kuanzia 1971, iliitwa "Letter from Hamnavoe", baadaye "Under Brinkie's Brae", naye akaendelea nayo hadi mwisho wa maisha yake. Humo aliandika juu ya upepo, bei ya vitu, mafua, paka aliyejialika nyumbani. Wasomi huziruka safu hizo. Wasiziruke, ndimo unamsikia akizungumza bila joho la ushairi, na zimekusanywa vitabuni.

Nianze na kitabu kipi?

Wengi watakuambia *Greenvoe* (1972), riwaya yake ya kwanza, na sababu wanayo. Inahusu kijiji cha kubuni katika kisiwa cha kubuni kiitwacho Hellya. Kwa siku kadhaa tunawafuata watu wake, mwenye duka, wavuvi, mwalimu, mama wa mchungaji anayeteswa na dhamiri, kisha unaingia mradi wa siri wa serikali, Black Star, na kijiji kinafutwa. Haielezwi kamwe mradi ule ni wa nini. Msomaji yeyote aliyewahi kuona watu wakihamishwa kupisha "maendeleo" hahitaji kuelezwa. Ila ni riwaya ya sauti nyingi na mwanzo wake ni wa taratibu. Wasomaji kadhaa wameitupa kabla ya ukurasa wa hamsini.

Mimi ningeanza na hadithi fupi. Chukua *A Calendar of Love* (1967) au *A Time to Keep* (1969). Katika hiyo ya pili kuna "Celia", kisa cha mwanamke wa Hamnavoe ambaye wanaume wanamjia na chupa kwa kuwa wanajua hawezi kuikataa. Mchungaji anakuja kumwonya. Celia anapojieleza kwa nini anakunywa, jibu lake ni zito kuliko mahubiri yote aliyokuwa ameandaliwa: dunia anaiona ikiwa uchi, na ukatili wake hauvumiliki bila kitu cha kuuzima. Brown hamhukumu wala hamsafishi. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa ndani, kwa sababu naye pombe ilimsumbua sana.

Baada ya hapo nenda kwenye *Beside the Ocean of Time* (1994), riwaya iliyoingia orodha fupi ya tuzo ya Booker. Mvulana wa kisiwani, Thorfinn, anasinzia darasani na kuota historia nzima ya Orkney, mpaka vita vinakuja na uwanja wa ndege unajengwa juu ya mashamba aliyoyajua. Ni nyepesi kusoma kuliko *Greenvoe*, na inasema karibu yale yale.

Kiingereza chake ni kigumu?

Hapana. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku: mkate, mashua, samaki, shayiri, moto. Kuna maneno machache ya Orkney utakayoyaelewa kwa muktadha. Ugumu ukitokea, utatokana na jinsi anavyorukaruka katika wakati.

Magnus anayetajwa kila mahali ni nani?

Ni jarli, yaani mtawala, wa Orkney aliyeuawa katika kisiwa kidogo cha Egilsay mnamo 1117 kwa amri ya binamu yake Hakon, aliyekuwa akigawana naye utawala. Habari zake zimo katika *Orkneyinga saga*, masimulizi ya kale ya majarli wa Orkney, iliyoandikwa Iceland yapata mwaka 1200, wakati visiwa hivi vikiwa bado vya Norwe. (Uskoti ilivipata kwa njia ya ajabu: mwaka 1468 mfalme Christian I wa Denmark na Norwe aliviweka rehani, kwa kukosa fedha taslimu za mahari ya binti yake Margaret aliyekuwa akiolewa na James III. Rehani haikukombolewa.)

Saga inasema mbeba bendera wa Hakon alikataa kuua, kazi ikatupiwa mpishi, Lifolf, naye akalia. Katika riwaya ya *Magnus* (1973) Brown anafika hapo, na ghafla msomaji anajikuta hayuko tena karne ya 12. Yuko katika kambi ya Wanazi, na mpishi aliyeitwa kutoka jikoni ndiye anayeamriwa kumnyonga mchungaji wa Kilutheri, anayefanana kwa sura na kwa kifo na Dietrich Bonhoeffer, mchungaji aliyenyongwa na Wanazi. Kuna waliosema mbinu hiyo imelazimishwa. Kwangu ni kurasa zenye ujasiri kuliko zote alizoandika.

Walter Scott anaingiaje?

Scott, mwandishi maarufu wa riwaya wa Uskoti, alifika Stromness mwaka 1814, akiwa mgeni katika meli ya ukaguzi wa minara ya taa. Mhandisi wa safari alikuwa Robert Stevenson, ambaye mjukuu wake, Robert Louis, angekuja kuandika hadithi ya maharamia inayojulikana kuliko zote, *Treasure Island*. Scott alipanda Brinkie's Brae kumtembelea ajuza aitwaye Bessie Millie, aliyekaribia miaka mia, ambaye riziki yake ilikuwa kuuza upepo. Nahodha alipanda kwake na kutoa peni sita. Bibi akachemsha birika lake na kumwombea upepo mwema. Ukichelewa kuvuma, alisema, hapana budi utakuja. Biashara isiyo na hasara, kwa kweli.

Ajuza huyo ndiye aliyemsimulia Scott habari za John Gow. Gow alikulia Stromness, akawa baharia, akaongoza uasi melini na kuingia uharamia. Mapema mwaka 1725 akarudi nyumbani kwa jina jingine, akijifanya mfanyabiashara mwadilifu, hata akachumbia binti wa mji. Siri ilipofichuka alivamia nyumba za matajiri, kisha meli yake ikakwama kwenye kisiwa cha Calf of Eday na akakamatwa. Alinyongwa London mwaka huo huo, na kamba ikakatika, akapandishwa mara ya pili. Inasimuliwa kwamba mchumba wake alisafiri hadi London kushika mkono wa maiti, kwa maana asingefanya hivyo ahadi yake ingeendelea kumfunga na mzuka wa Gow ungemwandama.

Kutoka kwa Gow na Bessie Millie Scott akaunda *The Pirate*, iliyouzwa kuanzia Desemba 1821. Riwaya yenyewe ni ndefu na inachosha. Maelezo ambayo Scott aliyaambatanisha kuhusu ajuza yule ni matamu kuliko sura nyingi za ndani.

Kampuni ya Hudson's Bay ina uhusiano gani na fasihi?

Mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Kampuni hiyo ya biashara ya ngozi za manyoya ilichukua wafanyakazi Stromness, na kufikia mwisho wa karne ya 18 karibu robo tatu ya watu wake kule Kanada walikuwa wa Orkney. Kampuni iliwapenda kwa sababu walikubali mshahara mdogo, walizoea baridi na walijua mashua. Katika watu wengi hivyo, lazima wawepo wenye visa.

Isobel Gunn ni mmoja. Mwaka 1806 alivaa nguo za kiume, akajiita John Fubbister, akaajiriwa na kampuni na kufanya kazi za mizigo na makasia sawa na wanaume. Hakuna aliyeshuku, mpaka Desemba 1807, alipoomba kujilaza katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja huko Pembina na mwenye nyumba akagundua kwamba mgeni wake yuko katika uchungu wa kuzaa. Kuanzia hapo alipewa kazi ya kufua, na 1809 akarudishwa Orkney na mtoto. Alikufa Stromness mwaka 1861, maskini. Kanada haikumsahau: Stephen Scobie alimtungia utenzi mrefu mwaka 1987, na Audrey Thomas riwaya mwaka 1999.

Mwingine ni John Rae, daktari aliyezaliwa 1813 katika Hall of Clestrain, ng'ambo ya maji kutoka mjini. (Nyumba iliyotangulia hapo ni miongoni mwa zile alizovamia Gow.) Mwaka 1845 meli za mvumbuzi Mwingereza Sir John Franklin, *Erebus* na *Terror*, zilichota maji Stromness na kuingia Aktiki, hazikurudi. Mwaka 1854 Rae, ambaye alisafiri na kuvaa kama Wainuit, wenyeji wa Aktiki, alileta habari alizopewa na wao: watu wa Franklin walikufa kwa njaa, na wa mwisho walikula wenzao. London ilighadhibika. Charles Dickens alijitosa katika gazeti lake, *Household Words*, akidai kuwa maneno ya "washenzi" hayaaminiki na kudokeza kwamba huenda wao ndio waliowaua Waingereza. Rae alimjibu, naye Dickens aliyachapisha majibu hayo, ila umma ulikuwa umeshachagua upande. Mifupa iliyochunguzwa baadaye ilikutwa na alama za visu. Wainuit walisema kweli, na Rae aliyewaamini hakupewa cheo cha Sir ambacho wavumbuzi wenzake walikipata. Anayempenda Dickens na asome makala hizo. Ni upande wake ambao shuleni hauonyeshwi.

Wa tatu hakuhusiana na kampuni, ila ni mtu wa bandari ile ile. Eliza Fraser aliwaacha watoto wake Stromness kwa mchungaji, akafuatana na mumewe nahodha. Mwaka 1836 meli yao iligonga mwamba mbali na pwani ya Queensland, mume akafa, naye akaishi wiki kadhaa na wenyeji wa kisiwa kabla ya kuokolewa. Alisimulia mateso yaliyozidi kukua kadiri wasikilizaji walivyolipa. Patrick White wa Australia aliyageuza kuwa riwaya, *A Fringe of Leaves* (1976). Watu wa Butchulla, wenye kisiwa, wana masimulizi yao yasiyofanana na yake, na mwaka 2023 jina la Fraser liliondolewa rasmi kisiwani, likarudi la kwao, K'gari.

Edwin Muir naye alizaliwa Stromness?

La. Alizaliwa Deerness, mashariki mwa kisiwa kikuu, na utoto wake aliupitisha katika kisiwa cha Wyre.

Na kile kipande cha piano, "Farewell to Stromness"?

Kilitungwa na Peter Maxwell Davies, Mwingereza aliyehamia Rackwick, bonde la upweke katika kisiwa cha Hoy ambalo Brown alikuwa ameliandika sana. Wengi hukipiga harusini na misibani wakidhani ni wimbo wa mapenzi. Ni wimbo wa maandamano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kuchimba urani jirani na mji, wenyeji wakaupinga, na mwaka 1980 Davies akatunga *The Yellow Cake Revue*, ambamo kipande hiki kinawaonyesha watu wakiuhama mji ulioharibiwa. Kilipigwa katika tamasha la St Magnus, ambalo Davies, Brown na wenzao walikuwa wamelianzisha 1977 na ambalo hufanyika kila Juni. Urani haikuchimbwa. Kwenye mazishi ya Brown, Davies alikipiga mwenyewe.

Ni kweli mji ulipiga marufuku pombe?

Ndiyo, kwa kura, kuanzia 1920 hadi karibu mwisho wa miaka ya 1940. Brown alikuwa mtu mzima baa ilipofunguliwa tena mjini kwake.

Nikifika, nione nini?

Tembea mtaa mzima, kutoka gati la feri hadi South End, bila ramani. Utakiona kisima cha Login, kilichofungwa 1931. Maandishi yake yanataja meli za Hudson's Bay, za Franklin na za Kapteni Cook. Msomaji makini atagundua kwamba meli za Cook zilipita hapa 1780 wakati Cook mwenyewe alikuwa ameshauawa Hawaii.

Makumbusho ya Stromness yalianzishwa 1837 na yana harufu nzuri ya makabati ya zamani: ndege waliojazwa pamba, vyombo vya meli, vitu vya Rae. Pier Arts Centre, iliyofunguliwa 1979, ina kazi za wasanii mashuhuri Barbara Hepworth na Ben Nicholson ambazo si kawaida kuzikuta katika mji wa ukubwa huu. Pale Mayburn Court kuna kibao ukutani. Ni nyumba ya kuishi watu, kwa hiyo ikodolee macho kwa adabu na upite. Kaburi la Brown liko Warbeth, makaburi ya kando ya bahari magharibi mwa mji, pamoja na wazazi wake. Jiwe lina mistari yake miwili, inayomwambia mshairi achonge maandishi yake kisha aridhike na ukimya.

Nitafikaje?

Kwa treni hadi Thurso, kisha feri kutoka Scrabster, dakika 90 hivi. Meli yenyewe inaitwa *Hamnavoe*. Kaa upande unaoelekea Hoy ili uone miamba na Old Man of Hoy, nguzo ya jiwe ya mita 137 iliyosimama baharini. Ndege zinatua Kirkwall, na kutoka huko kuna basi. Juni kuna mwanga hadi karibu usiku wa manane na vyumba hujaa kwa sababu ya tamasha. Weka nafasi mapema. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, lakini kitanda utakipata kwa urahisi.